Mwitikiaji wa Tatu

Saa moja na nusu asubuhi ya Ijumaa, Futi alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la chumba namba 316, penseli ameiuma mdomoni, akipima umbali kutoka ukutani hadi spika ya kushoto. Kitanda cha chumba hicho kilikuwa kimesimamishwa koridoni pamoja na vitanda vya ghorofa nzima, kwa sababu hoteli ilikuwa imekodishwa siku tatu kwa maonyesho ya mitambo ya sauti. Magodoro yalibaki ndani, yakaegemezwa kwenye kuta ili sauti isirukeruke ovyo.

Jina la Futi alipewa kazini kwa ajili ya futi kamba iliyoning'inia kiunoni mwake siku zote, hata siku za harusi za watu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kupanga spika. Ukiieleza haraka haraka inaonekana kazi ya kipuuzi, kwamba mtu analipwa kwa kusogeza masanduku. Lakini kuna kusogeza na kusogeza. Spika ikikaa vizuri, msikilizaji akifumba macho anaona mpiga gitaa amekaa pale, mpiga ngoma nyuma yake, na mwimbaji katikati, kwa kimo cha mtu aliyesimama. Ikikosea kwa upana wa vidole viwili tu, wote hao wanarundikana kona moja kama nguo za kufua.

Spika za mwaka huu zilikuwa na kimo cha mtu mzima, za mbao nyeusi zilizong'arishwa mpaka unajiona meno, na bei yake ilikuwa ya nyumba ya vyumba vitatu. Amplifaya ilikuwa na taa sita za kioo zilizowaka rangi ya chungwa na kupasha chumba joto. Nyaya zilikuwa nene kuliko kidole gumba, na Bosi, aliyeziagiza kutoka mbali, alikataza mtu yeyote kuziruka. Ilibidi uzizunguke kwa adabu.

Kila fundi wa kazi hii ana santuri yake moja ya kupimia. Ya Futi ilikuwa imerekodiwa miaka hamsini iliyopita, na alikuwa akiitumia upande wa pili, wimbo wa kwanza. Katika ubeti wa tatu, mwimbaji anapovuta pumzi, kuna kikohozi kidogo cha mtoto mchanga. Ukikisikia waziwazi, spika zimekaa. Usipokisikia, rudi kwenye futi kamba. Kazini hakuwahi kumwambia mtu kwamba kikohozi kile ni chake.

Yeye mwenyewe aliambiwa na mama yake mdogo. Mama yake Futi ndiye aliyeitikia kwenye wimbo ule, mtoto mgongoni. Jalada la santuri lilitaja kila mtu: mwimbaji, wapigaji, hata aliyewapiga picha, na waitikiaji wawili. Waitikiaji walikuwa watatu, mtu yeyote mwenye masikio anaweza kuwahesabu. Mama alifariki Futi akiwa na miaka tisa, na tangu Futi aanze kazi alikuwa ameiandikia kampuni ya santuri barua kumi na moja kuomba jina la tatu liongezwe. Alijibiwa mara mbili, zote kwa heshima kubwa. Sasa santuri ile ilikuwa inatolewa upya, na ingezinduliwa Jumapili mchana, hoteli hiyo hiyo, ukumbi wa chini. Barua ya kumi na mbili ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Hii alitaka kuikabidhi mkono kwa mkono.

"Ya kulia isogee ndani kidogo," alisema Bosi kutoka kwenye kiti cha msikilizaji.

Futi aliisogeza upana wa kidole kimoja, akaweka sindano.

Ubeti wa kwanza ulipita. Kiitikio kilipoingia, waitikiaji watatu walikuwa wamesimama kwenye zulia kati ya spika mbili. Wawili walikuwa mbele, macho kwenye karatasi. Wa tatu alikuwa hatua moja nyuma yao, kushoto kidogo, mwanamke wa miaka ishirini na minne hivi, na mtoto mgongoni kwenye mbeleko ya mistari.

"Hapo hapo," alisema Bosi. "Usiguse tena."

Mwimbaji mkuu hakutokea. Siku ya kurekodi alikuwa ameimbia ndani ya kibanda cha kioo peke yake, kwa hiyo kilichokuja ni kioo tu, kimeingia ukungu wa pumzi. Bosi alikipangusa kwa kitambaa cha kufutia santuri.

Yule wa tatu alimaliza kuitikia, akamwona mwanamke mtu mzima amepiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Futi kwa mazoea.

Kisha ubeti wa tatu ukafika na mtoto akakohoa. Mkono wa yule mwanamke ulirudi nyuma ukampigapiga mtoto mara tatu, taratibu, bila yeye kuacha kuimba. Futi akakumbuka kitu ambacho hakujua kwamba anakikumbuka, nacho ni ile idadi. Zilikuwa mara tatu siku zote. Hakuwa amewahi kulia kazini kwa miaka ishirini na minane, na hata sasa hakutoa sauti, lakini shati lilifanya kazi ya kupokea machozi.

Wimbo ulikuwa wa dakika sita na nusu. Sindano ilipofika mwisho wanawake wale walikuwa wameshaondoka, na kwenye zulia kulikuwa na alama za miguu ya watu watatu, mmoja akiwa amekanyaga kwa uzito zaidi.

Milango ilifunguliwa saa tatu, wageni wakaingia kwa zamu, wanane wanane. Walikuwa watu wa makamo waliovaa viatu vya raba, waliofumba macho kabla hata muziki haujaanza. Mwandishi wa jarida la mambo ya sauti, aliyekuwa akiandika kwa kalamu ya kijani, alipewa kiti cha katikati. Aliwatazama wanawake watatu kwa muda, akainuka, akamzunguka yule wa tatu, akarudi kukaa. Aliandika: "Waitikiaji wana mwili na uzito. Mistari ya mbeleko inahesabika. Wa tatu ameelemea kushoto kidogo, pengine kosa la rekodi." Futi alisoma juu ya bega lake. Alitaka kumwambia kwamba hilo la kuelemea si kosa, ni mtoto, lakini mwandishi alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine.

Chumba cha jirani, 318, walikuja kusikiliza wakaondoka wameinua mabega. Kwao, walipopiga wimbo huo huo, zilitoka jozi tatu za viatu tu. Mwenye chumba alikuwa akiwaeleza wateja wake kwamba ukweli wote wa besi uko kwenye viatu, na wengine walikubaliana naye.

Shida ya Bosi ilikuwa kikohozi. Alikuwa na masikio ya kusikia hitilafu kuliko muziki, na kila kilipofika alikunja uso.

"Kuna waya umelegea," alisema.

Futi alimwacha. Bosi alibadilisha waya wa kushoto, akabadilisha wa kulia, akapuliza kila soketi, na mwishowe akatoa taa mbili za amplifaya akaweka nyingine alizokuwa amezificha kwa ajili ya siku ngumu. Waitikiaji walikuja wakitetemeka kwa baridi, na kikohozi kikawa kikubwa zaidi. Akarudisha zile za mwanzo.

Jumamosi askari wa mlangoni alipanda kuuliza habari ya mtu aliye chumbani bila beji. Futi alishuka naye kwenye meza ya usajili. Msichana wa usajili alikuwa mpole kupita kiasi, lakini kompyuta yake ilikuwa imefunga majina tangu Alhamisi saa kumi, na asiyejiandikisha kabla ya hapo hangeweza kuchapiwa jina. Alitoa beji iliyoandikwa MGENI. Mama aliivaa kifuani wimbo mzima kwa furaha ya kweli, akasema kamba yake nzuri. Wimbo ulipoisha beji ilianguka kwenye zulia, na Futi akaitundika kwenye pembe ya spika hadi wimbo urudi.

Mazungumzo yao ilibidi yapite katikati ya viitikio. Mama hakuwa mtu wa kukosa mstari kwa ajili ya maongezi. Alisema nusu, akaitikia, akarudi kumalizia nusu ya pili, na wageni wa viti vya mbele waliisifu nafasi iliyokuwapo kati ya sauti na sauti.

"Mama," alisema Futi mchana huo, "mimi si mkubwa wako. Mimi ndiye huyo hapo mgongoni."

Mama alimtazama. Aliitikia mistari miwili, akarudi.

"Ndiyo maana una paji la babako. Nikasema huyu mama nimemwona wapi, tangu jana kichwa kinaniuma." Akaitikia tena. "Kumbe umekula shikamoo yangu! Irudishe."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

Futi alikuwa hajanywa. Mama alimgombeza mpaka mwisho wa wimbo. Ilikuwa miaka arobaini na miwili tangu Futi agombezwe kwa sababu ya chai, akafurahi mpaka masikio yakamwaka.

Kwenye wimbo uliofuata mama alifungua mbeleko. "Hebu nishikie, mgongo unaniuma." Futi alijipokea. Alikuwa na joto, na harufu ya maziwa, na uzito ambao mtu asingeutegemea kwa kiumbe kidogo namna ile. Ubeti wa tatu mtoto alikohoa akiwa mikononi mwa Futi, huku kwenye viti, na mwandishi wa kalamu ya kijani, aliyekuwa amerudi kuhakikisha, aliandika kwamba kikohozi kimehama kutoka jukwaani hadi kwa msikilizaji. Akapunguza nusu alama. Wimbo ulipoisha mikono ya Futi ilikuwa mitupu na shati lake limelowa mkojo.

Hivyo ndivyo, kipande kwa kipande, alivyopata habari yote. Mama hakuwa mwimbaji wa studio. Alikuwa akianika nguo za watu uwanja wa jirani, akiimba zake. Mwitikiaji wa tatu aliyepangwa aliamka na homa, mtu akachungulia juu ya ukuta, akauliza nani anaimba. Mama alifuta mikono akaenda. Karani wa mlangoni alikuwa ameshaandika majina, amekata la mgonjwa, na amefunga daftari.

"Nikamwambia niandike. Akasema utaandikwa ukitoka." Mama aliitikia mistari yake minne, mizuri, akarudi. "Nilipotoka alikuwa ameenda kula."

"Ulirudi kesho yake?"

"Kesho yake nilikuwa na nguo za watu. Kuna maji hapo?"

Maji yalikuwapo siku zote. Futi alikuwa amejifunza kuweka glasi juu ya amplifaya, jambo ambalo kwa mtambo mwingine angefukuzwa kazi, lakini Bosi alikuwa ameona kwamba waitikiaji wakipata maji sauti za juu zinalainika.

Jumapili mchana, baada ya uzinduzi, mwenye kampuni ya santuri alipanda ghorofa ya tatu. Wenye vyumba walimwita Bwana Majalada. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kicheko cha karibu, na kwapani alikuwa na nakala ya kwanza ya santuri mpya, ingali na harufu ya wino. Alitaka kuisikiliza kwenye mtambo bora kuliko yote, na kila mtu alikuwa amemwelekeza 316.

"Kabla ya hiyo, bwana, naomba usikilize ya zamani mara moja," alisema Futi. Moyo ulikuwa unampiga mpaka alihofia sindano itaruka. Barua ilikuwa mfukoni, lakini aliiacha huko huko. Mwenye jina lenyewe alikuwa njiani.

Kiitikio kikaingia. Mama alisimama mahali pake, beji kifuani.

"Huyu ndiye wa tatu," alisema Futi. "Ambaye hayupo kwenye jalada."

Bwana Majalada aliinuka kwenye kiti akampa mama mkono, kama mtu aliyelelewa vizuri. "Sauti yako inatuliza, dada. Tangu utotoni naisikia."

"Asante, baba." Mama aliitikia, akarudi, akamtajia jina lake, la kwake na la baba yake na la babu yake, akayarudia polepole, herufi kwa herufi, ili asikosee. Alikuwa amelishika tayari kwa miaka hamsini. Bwana Majalada alitoa kalamu akaliandika nyuma ya kadi yake, kwa mwandiko mzuri. Futi alilisoma kichwa chini na halikuwa na kosa hata moja.

"Tatizo ni moja tu," alisema Bwana Majalada. "Majalada yameshapigwa chapa. Elfu tano. Yako chini kwenye maboksi."

"Hata mara ile daftari lilikuwa limeshafungwa," alisema mama.

"Toleo lijalo, Mungu akipenda."

"Toleo lijalo ni lini?" aliuliza Futi.

"Inategemea haya yataishaje." Alicheka kile kicheko chake cha karibu, na kadi akaitia mfukoni, ule wa nyuma, wa kukalia.

Kisha ikapigwa santuri mpya. Bwana Majalada aliwaeleza wageni kwamba mafundi wake wameisafisha kwa miezi minne, mkwaruzo baada ya mkwaruzo. Kiitikio kilipoingia walikuja wanawake wawili. Walikuwa wamenyooka, waking'aa, hata karatasi zao zilikuwa mpya. Nyuma yao kushoto hapakuwa na mtu. Sauti ya mama ilikuwapo, nzuri kuliko wakati wowote, ikitoka mahali patupu, na zulia chini yake halikubonyea. Ubeti wa tatu ulifika na mwimbaji akavuta pumzi katika kimya kitupu.

"Safi," alisema Bosi, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akaegemea kiti. Alidhani nyaya zake zimepona.

"Safi sana," alisema mwandishi, akaandika neno hilo kwa kijani na kulipigia mstari. Kisha akaongeza kwamba sasa hakuna kinachoelemea kushoto.

Saa kumi na moja maonyesho yalifungwa. Koridoni watu walikuwa wakirudisha vitanda. Spika zilikuwa zimepata mnunuzi, na Bosi alishuka kutafuta wabebaji. Futi aliomba dakika saba za kupima mara ya mwisho, kwa ajili ya vitabu vya kazi, akaweka santuri yake ya zamani.

"Ameandika?" aliuliza mama.

"Kwenye kadi. Kwenye jalada hapana."

"Na sauti wameichukua?"

"Wameichukua."

Mama aliitikia. Alikunywa maji, akafuta mdomo kwa kiganja. Hakuwa na uso wa mtu aliyeonewa, alikuwa na uso wa mtu aliyezoea foleni. "Haya. Wewe umenisikia. Na kikohozi chako je, kimetoka vizuri?"

Futi alikuwa na nia ya kumficha. "Wamekifuta, mama. Wamesema ni uchafu."

Hapo mama aliacha mstari. Ndiyo mara pekee. Wale wawili wa mbele waliendelea peke yao, na kwa mara ya kwanza waligeuka kumtazama.

"Wamemfuta mtoto?"

"Ndiyo."

"Mtoto mzima? Nilimbeba kwa saa tano nzima, miguu imevimba, nikamnyonyesha kwenye ngazi, halafu wamfute?" Alikaza mbeleko kwa hasira, mtoto akacheka. "Sikiliza wewe. Wakikufuta, kohoa tena. Hapo hapo penyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya, na chai unywe."

Akadaka kiitikio cha mwisho katikati, akakimaliza na wenzake. Sindano ikafika mwisho. Futi aliokota beji kwenye zulia, akaitia mfukoni pamoja na barua.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya mapumziko. Asubuhi alikunywa chai, akafagia sebule, akasogeza kochi, akapima kwa futi kamba vipimo vile vile vya chumba 316, akivipunguza kwa kadiri ya nyumba yake. Spika zake zilikuwa ndogo, kila moja kama mkate, alizotengeneza mwenyewe kwa masalia ya kazini. Kwa miaka yote hazikuwahi kutoa zaidi ya sauti, na siku nzuri harufu ya sabuni ya kufulia.

Juu ya meza palikuwa na santuri mpya, ambayo Bwana Majalada alimzawadia kwa kumpangia spika. Futi alichukua kalamu, akaandika jina la tatu chini ya yale mawili, kwa herufi za ukubwa ule ule. Zilikuwa zimechapwa elfu tano. Zikabaki elfu nne mia tisa tisini na tisa.

Akaweka sindano, akavuta kigoda, akakaa mbele ya spika ya kushoto, ameipa mgongo. Kiitikio cha kwanza kilipita, na cha pili kikapita. Ubeti wa tatu mwimbaji akavuta pumzi, na pale palipokuwa na kitu sasa palikuwa peupe.

Futi akakohoa.

Mkono ukatoka. Spika za ukubwa ule hazina nguvu ya kutoa mtu, kwa hiyo ulikuwa mkono tu, mpaka kwenye kiwiko, kucha fupi, vidole vimesinyaa kwa maji ya kufulia. Ulipapasa chini, kwenye kimo cha mtoto, ukakuta mgongo mpana wa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, ukapanda mpaka ukapata mahali. Ukampigapiga mara tatu, ukatulia hapo hadi wimbo ulipoisha.

Futi aliinuka, akajaza maji kwenye glasi na kuiweka juu ya spika. Akarudisha sindano mwanzo, akasafisha koo, akakaa tena.